Je, Wajua? Kijana wa Dar es Salaam katika Filamu za Berlin

Mwaka 1941 Wajerumani walimtengenezea Carl Peters, mkoloni wao wa Afrika Mashariki, filamu ya kumtukuza, na mmoja wa waigizaji wake alikuwa Mtanganyika: Bayume Mohamed Husen.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari Msudani wa jeshi la Kijerumani. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipolipuka, naye akaingia jeshini angali mtoto. Mwaka 1929, filamu bubu zikianza kuzipisha zile za sauti, alifika Berlin kudai malimbikizo ya mishahara yake na ya baba yake.

Hakulipwa.

Akabaki huko. Alihudumu katika jumba la starehe la Haus Vaterland, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, na kuanzia 1934 akaonekana katika filamu takribani 20, nyingi kwa nafasi ndogo ndogo. Katika filamu ya Carl Peters aliigiza kama Ramasan, sambamba na Hans Albers, nyota mkubwa wa enzi hizo. Ajabu ni kwamba Peters huyohuyo alifukuzwa kazi na serikali yake mwaka 1897 kwa ukatili alioufanya Kilimanjaro!

Agosti 1941 Husen alikamatwa kwa kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu. Alifia katika kambi ya mateso ya Wanazi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944, bila kufikishwa mahakamani.