Historia Yetu Imewekwa Wapi?



Tukitembelea vikundi huko Bungoma na Kitale, wengi hutuambia historia yetu ilizikwa na wazee. Sivyo.

Wakati wa ukoloni kila DC aliandika ripoti kila mwaka: mavuno, shule, kodi, barabara, hata mkasa wa Malakisi wa 1948, polisi walipowapiga risasi wafuasi wa Dini ya Msambwa. Karatasi hizo ziko katika Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue, Nairobi. Nyingi zilipigwa picha kwenye filamu, na maktaba ya Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, ina nakala. Basi mwanafunzi wa ng'ambo asome habari za babu zetu, nasi tusizijue?

Mkenya yeyote anaweza kwenda kusoma. Beba kitambulisho na ada ndogo. Lakini kumbuka, majina yalibadilika. Ukiuliza Bungoma ya 1940 hutapata kitu. Uliza North Kavirondo, iliyotawaliwa kutoka Kakamega. Kitale uliza Trans Nzoia.

DC naye aliandika ya upande wake. Ya wazee yalihitaji mtu wa kuyauliza. Miaka ya 1960 mwanahistoria Gideon Were alizunguka kwa Waluhya akiwauliza wazee, na 1967 akatoa kitabu. Wazee wale hawapo tena, lakini maneno yao yako maktabani.

Je, ya kikundi chako yako wapi? Kikundi kimoja cha akina mama kilichanga kikanunua ploti. Mwenyekiti akafariki, watoto wake wakasema ploti ni ya mama yao. Kutafuta kitabu cha minitsi, kumbe mchwa wamekimaliza. Miaka ya jasho, na hakuna hata karatasi moja ya kuonyesha chifu.

Kwa hivyo, tufanye hivi:

1. Minitsi ziandikwe kila mkutano, na tarehe na sahihi.
2. Ziwe nakala mbili, nyumba mbili tofauti.
3. Zikae ndani ya debe lenye kifuniko, si chini sakafuni.
4. Vijana waandike maneno ya wazee, pamoja na jina la aliyesema.

Maswali ya kujadiliana

- Kikundi chetu kilianza mwaka gani? Nani ana ushahidi?
- Ni mzee gani tutamtembelea kwanza, kabla hajatuacha?