Kidonge Kinasingiziwa

"Daktari, si hivi vidonge vya sukari ndivyo vinavyoziba mishipa ya moyo?" Kliniki ya kisukari haiishi siku bila swali hili. Muulizaji huja na jibu lake mkononi: kichupa cha unga wa mlonge. Kidonge chake, metformini, kakiacha kabatini.

Ushahidi ni jirani. Alianza vidonge, mwaka haujaisha moyo ukamwangusha. Lakini jirani huyo alikuwa na sukari miaka mingi bila kujua. Aliamka mara tano usiku kwenda haja ndogo akasingizia chai ya jioni, huku sukari ikichubua ngozi laini ya ndani ya mishipa, mafuta yakiganda palepale na njia ya damu ikizidi kuwa nyembamba. Kidonge kilikuta nyumba inaungua, kikaitwa mchomaji.

Mlonge ni mboga nzuri. Hakuna jaribio kubwa lililoonyesha kwamba unga wake unazuia shambulio la moyo, na muuzaji akiulizwa kipimo hujibu "kijiko tu." Kijiko gani? Metformini ilipimwa Uingereza: mwaka 1998 utafiti wa UKPDS ulionyesha kuwa wagonjwa wanene walioitumia walipata mashambulio ya moyo pungufu kwa asilimia 39 kuliko waliotegemea zaidi mlo.

Hofu ina chembe ya ukweli. Mwaka 2007, daktari wa moyo Steven Nissen na mwenzake walihusisha dawa nyingine, rosiglitazoni, na ongezeko la mashambulio ya moyo. Mwaka uliofuata Marekani ikataka dawa mpya za sukari zithibitishe kwamba haziudhuru moyo. Shaka hiyo ikazaa neema: mwaka 2015, kati ya wagonjwa zaidi ya 7,000 waliokwishapata maradhi ya moyo au mishipa, dawa mpya ya sukari, empagliflozini, ilipunguza vifo vya moyo na mishipa kwa asilimia 38, ingawa sukari yenyewe ilishuka kidogo tu.

Basi, haraka haraka. Metformini imezwe na chakula, tumbo litatulia. Figo zipimwe, presha na kolesteroli pia. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo aulizie empagliflozini au mwenzake dapagliflozini; akitapika au kuharisha sana, aisimamishe na kumwona daktari. Moyo ukishindwa kusukuma damu vizuri, dawa nyingine ya sukari, pioglitazoni, haifai. Sigara iachwe leo. Mlonge upikwe, nazi isizidi.