Lithiamu Katika Mabaki ya Betri: Nani Huamua Kipi ni Taka?

Katika madarasa ya siasa swali moja hurudi kila mwaka: je, ufundi una itikadi? Wapo wanaodai kwamba tanuri ni tanuri tu na asidi ni asidi tu, awe anaitumia bepari au mjamaa. Dai hilo ni nusu ya ukweli. Sheria za kemia hazichagui tabaka. Lakini madini yapi yakombolewe na yapi yatupwe si uamuzi wa kemia. Ni uamuzi wa kiuchumi na kisiasa. Mfano ulio dhahiri ni lithiamu iliyomo katika betri chakavu.

1. Lithiamu imo wapi?

Betri za lithiamu za kuchajiwa zilianza kuuzwa na kampuni ya Sony ya Japani mwaka 1991. Leo zimo katika simu, kompyuta, pikipiki na magari ya umeme. Betri inapochakaa haijamaliza lithiamu yake, kwani lithiamu haiteketei kama petroli; huhama tu kutoka upande mmoja wa betri kwenda upande wa pili. Kiwandani betri humalizwa umeme wake, husagwa na kuchekechwa. Maganda na vipande vya shaba na alumini hutengwa, na kinachobaki ni unga mweusi wenye grafiti na lithiamu, na mara nyingi kobalti, nikeli na manganizi. Thamani kubwa ya betri imo katika unga huo.

2. Kwa nini ilitupwa?

Njia ya kwanza ni ya tanuri. Betri huyeyushwa kwa joto la nyuzi zipatazo 1,400 au zaidi. Kobalti, nikeli na shaba hushuka chini zikiwa metali. Lithiamu, kwa kuwa hushikamana mno na oksijeni, hubaki pamoja na alumini katika mavi ya chuma yanayoelea juu. Kwa miaka mingi mavi hayo yalichanganywa katika vifaa vya ujenzi. Wenye viwanda walijua lithiamu imo ndani yake. Lakini kobalti na nikeli ziliwapa faida ya kutosha, na kuchimba lithiamu mpya kulikuwa rahisi kuliko kuikomboa ya zamani. Kwa hiyo wakaiita taka.

Njia ya pili ni ya maji. Unga mweusi hulowekwa katika asidi ya salfa iliyotiwa haidrojeni peroksaidi, na madini yakayeyuka. Kisha shaba, chuma na alumini huondolewa. Hufuata manganizi, kobalti na nikeli. Lithiamu hubaki ya mwisho. Maji hayo hupashwa moto na kutiwa magadi, yaani sodiamu kaboneti, na lithiamu kaboneti hutuama chini kama unga mweupe. Maji hupashwa moto kwa sababu chumvi hii, tofauti na chumvi nyingi, huyeyuka kidogo zaidi katika maji ya moto: lita moja ya maji ya kawaida hubeba gramu zipatazo 13, na ya kuchemka gramu zipatazo 7.

Lakini aliye mwisho wa foleni hupata makombo. Kila hatua hupoteza lithiamu kidogo, na nyingine hubaki katika maji ya mwisho. Ndiyo maana wataalamu wamegeuza mpangilio: unga mweusi huokwa kwanza bila hewa, kaboni ya grafiti yake yenyewe huigeuza lithiamu kuwa kaboneti, na maji matupu huitoa kabla asidi haijaguswa. Lithiamu sasa huanza.

3. Mabadiliko yalitoka wapi?

Je, ni soko lililoleta mabadiliko? Soko peke yake halikuweza. Bei ya lithiamu ilipanda sana mwaka 2022, kisha ikaporomoka mwaka 2023 na 2024. Mradi unaotegemea bei hiyo tu hufa bei inaposhuka. Tena betri za chuma na fosfeti, zinazozidi kuenea, hazina kobalti wala nikeli ya kulipia gharama. Kwa hiyo mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulitunga sheria: asilimia 50 ya lithiamu ikombolewe ifikapo mwisho wa 2027, na asilimia 80 ifikapo mwisho wa 2031. Hata wahubiri wa soko huria wamelazimika kutoa amri pale maslahi yao yalipodai hivyo.

4. Sisi tufanye nini?

Tanzania ilizuia makinikia kusafirishwa nje mwaka 2017. Zimbabwe ilizuia mawe ghafi ya lithiamu mwishoni mwa 2022. Unga mweusi ni makinikia ya aina mpya: anayeuuza nje huuza kobalti, nikeli na lithiamu kwa jina la taka.

Lakini kaulimbiu haiyeyushi madini. Kiwanda cha asidi hakiwezi kuishi kwa betri chache za simu. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kukusanya na kuhifadhi betri kwa mpango, ya pili ni kuzisaga kwa usalama, na ya tatu ni kujenga kiwanda cha kukomboa madini kwa ushirikiano wa nchi jirani. Magadi ya kutuamishia lithiamu yapo Afrika Mashariki. Ziwa Magadi nchini Kenya limechimbwa kwa zaidi ya miaka 100.

Hatuna budi pia kumlinda mfanyakazi. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri za risasi kiliwatia wakazi sumu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Betri za lithiamu nazo huwaka ghafla na kutoa gesi yenye sumu. Kuzivunja kwa nyundo uani si kujitegemea. Ni kumbebesha mnyonge gharama ambayo mwenye mali ameikwepa.

Kada anayeambiwa kwamba kitu fulani ni taka aulize maswali matatu: taka kwa nani? Kwa bei ya nani? Na nani ataokota kesho kinachotupwa leo?