Bata Kichwa-Kijani na Hesabu za Wawindaji

Nchini Marekani, mabishano ya muda mrefu kuhusu uwindaji wa bata mwitu yamekuwa yakizunguka swali moja gumu: je, bata anayepigwa risasi mwezi Novemba angekufa vivyo hivyo kwa njaa, maradhi au baridi kabla ya majira ya kuchipua? Wanaojibu ndiyo huviita vifo hivyo vya kufidiana, maana anayekufa kwa bunduki huwapunguzia waliobaki ushindani wa chakula. Wanaokataa huviita vifo vya nyongeza, yaani hasara inayojilimbikiza juu ya zile za kawaida.

Mwaka 1995 Idara ya Samaki na Wanyamapori ya nchi hiyo ilichukua njia ya busara zaidi kuliko kuegemea upande mmoja. Kwa ajili ya bata kichwa-kijani (Anas platyrhynchos), ilitunga modeli nne za kihisabati, zikichanganya dhana hizo mbili na nyingine mbili kuhusu kiasi ambacho msongamano hupunguza uzazi, ikazipa zote uzito sawa. Kila mwaka kila modeli hutabiri idadi ya bata watakaorudi kuzaliana, kisha utabiri hulinganishwa na hesabu inayofanywa kwa eropleni ndogo mwezi Mei tangu 1955, na modeli iliyokaribia ukweli huongezewa uzito.

Sehemu kubwa ya data hutoka kwa wawindaji wenyewe. Waliochaguliwa hukata bawa moja la kila bata waliyemuua, wakalituma kwa posta. Baada ya msimu, wanabiolojia huyapanga mabawa mezani, na kwa kuchunguza rangi, umbo na uchakavu wa manyoya hutambua jinsia ya ndege na kama alianguliwa mwaka huo. Kwa kuwa makinda hupigwa kwa urahisi kuliko wakubwa, uwiano wa makinda kwa wakubwa husahihishwa kwa taarifa za pete zinazovalishwa miguuni.

Matokeo ya modeli na hesabu hizo huamua msimu: katika njia ya uhamaji ya Mississippi, siku 60 idadi ikiruhusu, 45 ikipungua, au 30 hali ikiwa mbaya. Hata msimu mrefu una mpaka wa bata sita kwa siku, kichwa-kijani wasizidi wanne na majike wao wawili, kwani jike ndiye anayetaga.

Hata hivyo, ukame ukivikausha vidimbwi vya nyanda za Kanada na Dakota, ambako wengi hutaga, hakuna msimu mfupi utakaovijaza. Ndiyo maana stempu ya bata, ambayo tangu 1934 mwindaji hulazimika kuwa nayo, pengine ina uzito kuliko kanuni zote hizo: ilianza kwa dola 1, leo ni dola 25, na senti 98 za kila dola hununua au kukodi ardhi oevu, ilhali mpenda ndege asiyewinda huinunua stempu akitaka tu.