Kutunza Land Cruiser Kongwe Nyumbani Lubumbashi (2): Hewa, Maji na Nafasi ya Valvu

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza muundo wa jumla wa Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 40, zilizotengenezwa kuanzia 1960 hadi 1984, pamoja na zile za mfululizo wa 60, zilizotengenezwa kuanzia 1980 hadi 1990. Sehemu hii inahusu injini ya petroli ya 2F, yenye silinda sita zilizopangwa kwa mstari mmoja na ujazo wa lita 4.2, ambayo ilianza kufungwa katika magari ya mfululizo wa 40 katikati ya miaka ya 1970, na baadaye katika yale ya mfululizo wa 60, na ambayo mwenye gari mwenye subira na vifaa vichache anaweza kuitunza mwenyewe uani kwake. Injini ya aina hii hufa mapema kwa sababu ya vipimo kupuuzwa zaidi kuliko kwa sababu ya umri, na mjini Lubumbashi vipimo hivyo havina budi kusomwa kwa kuzingatia mambo matatu ya mahali penyewe, nayo ni vumbi la kiangazi, mwinuko wa nchi na aina ya maji yanayotiwa katika rejeta.

Katika Haut-Katanga, jimbo la mji huo, mvua hukatika kwa kawaida mwezi wa Aprili, na tangu Mei hadi Oktoba udongo mwekundu wa barabara zisizo na lami za mitaa ya mji huo ya Katuba, Kenya na Ruashi hugeuka vumbi laini linalopenya kila mahali. Vumbi hilo lina chembe za silika, madini magumu yanayopatikana kwa wingi katika mchanga, ambayo yakiingia ndani ya injini hufanya kazi ya msasa baina ya kuta za silinda na ringi za pistoni, yaani zile pete za chuma zinazozuia gesi ya mwako isivuje kwenda chini. Ringi zikishalika, oili hupanda hadi mahali petroli inapounguzwa, moshi wa buluu hutoka katika ekzosi, na nguvu ya injini hupungua kidogo kidogo pasipo mwenye gari kutambua chanzo chake. Kwa sababu hiyo chujio la hewa lapaswa kukaguliwa wakati wa kiangazi mara nyingi zaidi kuliko kitabu cha mtengenezaji kinavyoagiza. Desturi ya kuligongagonga kwenye tairi hupasua karatasi yake. Njia iliyo salama ni kulipuliza kwa upepo hafifu kutoka ndani kwenda nje, kisha kuwasha taa ndani yake katika chumba chenye giza, kwa kuwa tundu lolote linalopitisha mwanga waziwazi hupitisha vumbi pia, na chujio la namna hiyo halifai tena. Baada ya hapo kitambaa cheupe chenye unyevu hupitishwa ndani ya njia ya hewa iliyo baina ya chujio na kabureta, na kikitoka na wekundu ni dalili kwamba hewa inavuja kupitia kibano kilicholegea au mpira uliopasuka, hata kama chujio lenyewe ni jipya.

Jambo la pili ni mwinuko. Magari mengi yanayotoka Japani huteremshwa katika bandari ya Dar es Salaam, usawa wa bahari, kisha husafiri kupitia Zambia na mpaka wa Kasumbalesa hadi Lubumbashi, mji ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200. Huku juu kanieneo ya hewa, yaani nguvu ambayo hewa hukandamizia kila kitu, ni pungufu kwa takriban asilimia 13 ikilinganishwa na ile ya pwani, hivyo kila mvuto wa pistoni huingiza hewa nyepesi zaidi. Kabureta, ambayo ni kifaa cha kuchanganya petroli na hewa kabla ya kuingia katika silinda, haina uwezo wa kutambua badiliko hilo ikiwa haikupewa kifaa maalumu cha kufidia mwinuko, na petroli inayopita katika kitundu chake kikuu haipungui kwa kiasi kile kile ambacho uzito wa hewa umepungua. Matokeo yake ni mchanganyiko wenye petroli ya kuzidi, ambao hupoteza mafuta, hujaza masizi na huosha utando wa oili kwenye kuta za silinda.

Ushahidi wa hali hiyo husomwa katika plagi, ambazo mafundi waliojifunza kazi kwa Kifaransa huziita bougie. Plagi iliyotolewa baada ya mwendo mrefu ikiwa na rangi ya kahawia hafifu au kijivu huonyesha mwako mzuri. Yenye masizi makavu meusi huonyesha petroli imezidi. Iliyolowa oili huonyesha kuchakaa kwa ringi au kwa njia za valvu. Na iliyo nyeupe kabisa huonyesha petroli haitoshi au joto limezidi. Inafaa kuelewa kwamba skrubu ya mchanganyiko inayoonekana nje ya kabureta hurekebisha mwendo wa injini inapounguruma gari likiwa limesimama tu, na kwamba tatizo linaloonekana njiani hutatuliwa kwa kufunga kitundu kikuu kidogo zaidi.

Mwinuko huo huo hugusa pia maji, kwa kuwa katika Lubumbashi maji yaliyo wazi huchemka kwenye takriban nyuzi 96 za Selsiasi badala ya 100. Kifuniko cha rejeta, ambacho hushikilia kanieneo ndani ya mfumo, ndicho kinachoruhusu maji kufikia zaidi ya nyuzi 110 bila kuchemka. Kwa hiyo kifuniko ambacho mpira wake umekauka chaweza kuharibu kichwa cha injini ingawa bei yake ni ndogo, na kamwe kisifunguliwe injini ikiwa moto. Themostati, yaani valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto la takriban nyuzi 82, mara nyingi huondolewa na mafundi kwa nia ya kuzuia joto, lakini injini inayofanya kazi ikiwa baridi hutumia petroli nyingi na hulika upesi, hasa asubuhi za Juni na Julai ambazo Katanga huwa na baridi kali. Ikiwa injini inachemka, yafaa kutafuta sababu katika rejeta iliyoziba, mkanda wa feni uliolegea au pampu iliyochoka. Maji ya kisima, yenye chokaa na madini mengine, huacha ukoko ndani ya njia nyembamba za rejeta, na ndiyo maana maji yaliyosafishwa yakichanganywa na dawa ya rejeta ni ya lazima hata katika nchi isiyo na barafu, kwani dawa hiyo huzuia kutu pia. Dawa kuukuu ni sumu yenye ladha tamu, na haipaswi kumwagwa mahali ambapo watoto au mifugo wanaweza kuifikia.

Kazi inayodai uangalifu mkubwa kuliko zote zilizotajwa ni kurekebisha nafasi ya valvu. Valvu ni milango ya chuma ya kuingizia mchanganyiko na kutolea moshi, na baina ya ncha ya kila valvu na mkono unaoisukuma huachwa upenyo mdogo, kwa kuwa chuma kikipata moto hurefuka. Katika injini ya 2F upenyo huo, ukipimwa injini ikiwa na joto lake la kazi, ni milimita 0.20 kwa valvu ya kuingiza na milimita 0.35 kwa valvu ya kutoa, ambayo hupewa nafasi kubwa zaidi kwa sababu hupitiwa na gesi yenye moto mkali. Upenyo ukiwa mdogo mno, valvu haifungi sawasawa, ukingo wake huungua na silinda hupoteza mgandamizo. Ukiwa mkubwa mno, injini hupiga kelele na valvu haifunguki kikamilifu.

Fundi huanza kwa kuzungusha injini kwa mkono mpaka pistoni ya kwanza ifike juu kabisa valvu zake zote mbili zikiwa zimefungwa. Hupitisha kibamba cha chuma chenye unene unaotakiwa, hugeuza skrubu mpaka kibamba kivutike kwa ukinzani mdogo, hukaza nati ya kufungia, kisha hupima tena, kwa maana kukaza huko mara nyingi hubadilisha kipimo. Akimaliza silinda ya kwanza huzungusha injini theluthi moja ya mzunguko na kuendelea kwa mfuatano wa mwako, yaani 1, 5, 3, 6, 2, 4, hivi kwamba mizunguko miwili hukamilisha silinda zote.

Vipimo vyote hivyo viandikwe katika daftari pamoja na tarehe na kilomita, kwa sababu valvu ambayo upenyo wake hupungua kila inapopimwa inatangaza kuharibika kwake mapema, wakati ambapo matengenezo bado ni mepesi na vipuri vinaweza kutafutwa bila haraka. Sehemu ya tatu itaeleza breki na kutu ya fremu, ambazo yafaa zikaguliwe kabla mvua za Novemba hazijashika.