Fistula ya uzazi: Kwa nini baadhi ya wanawake huendelea kuvuja mkojo baada ya tundu kuzibwa?

Katika hospitali za rufaa za Jinja na Mbale, mashariki mwa Uganda, upasuaji wa fistula ya uzazi hufanyika mara nyingi katika kambi maalumu, ambako madaktari bingwa hukutana na wanawake waliotoka vijiji vya Busoga na miteremko ya Mlima Elgon. Siku ya kuruhusiwa, daktari hutaka kujua kama tundu limeziba. Mwanamke hutaka kujua kama atalala hadi asubuhi bila kulowa.

Majibu ya maswali hayo hayalingani kila mara.

Fistula, au nasuri, hutokea uchungu wa kuzaa unapodumu mno bila msaada. Kichwa cha mtoto hukandamiza nyama laini kwenye mifupa ya nyonga, damu haifiki, nyama hizo hufa, na baada ya siku chache tundu hufunguka kati ya kibofu na uke. Madhara huweza kwenda mbali zaidi: misuli inayobana njia ya mkojo huharibika, na kibofu hubaki kidogo na kigumu. Ndiyo maana mwanamke ambaye tundu lake limeziba vyema anaweza bado kuvuja akikohoa au akiinua dumu la maji.

Akiwa nyumbani, ni rahisi kwake kuamini kwamba upasuaji umeshindwa, asirudi tena. Kumbe tatizo lake sasa ni jingine, na lina tiba: mazoezi ya misuli ya nyonga, dawa za kutuliza kibofu, au upasuaji mwingine wa kuimarisha njia ya mkojo.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza mpira wa mkojo uondolewe siku 7 hadi 10 baada ya upasuaji wa fistula isiyo tata. Hizo ni siku za wodini. Kuridhika kwa mgonjwa hupimwa baadaye sana, na mara nyingi hakuna anayemuuliza.

Mwaka huohuo Uingereza ilisitisha matumizi ya nyavu za plastiki zilizopandikizwa kuzuia mkojo kuvuja, baada ya wanawake wengi kulalamikia maumivu, baadhi yao miaka kadhaa tangu wapasuliwe.

Kwa aliyepona fistula, mtihani mkubwa ni mimba inayofuata. Hushauriwa kujifungua kwa upasuaji, kwani uchungu mwingine wa muda mrefu unaweza kufungua tundu upya. Kwa anayeishi juu milimani, ushauri huo unategemea nauli, na barabara isiyokatika wakati wa mvua.