Wageni wa Kununua Hawapandi Kilimanjaro

"Wageni elfu kumi ni shilingi ngapi?" Swali hili huniandama kila ninapokutana na wenye kampuni za utalii wa Moshi na Arusha, hasa masika, simu zinapokuwa kimya na kila mmoja anatafuta mchawi. Tovuti ipo, picha za kilele cha Kibo zimewekwa, fundi kalipwa chake, lakini hakuna anayeulizia safari. Ndipo inapoingia ile barua pepe: kifurushi cha wageni 10,000 wa tovuti kwa dola chache, matokeo ndani ya siku tatu. Mimi naombwa niseme tu kama bei ni nzuri.

Usinunue. Hata wakikupa bure, kataa. Naeleza kwa kirefu leo, kwa sababu nimechoka kuona pesa za watu wanaohangaika zikipotelea huko.

Wengi wa wageni hao si watu. Ni programu za kompyuta, mafundi huziita boti, zinazoendeshwa kwenye seva na kuigizishwa mwenendo wa binadamu: zinafungua ukurasa, zinashuka kidogo, zinaondoka. Mwaka 2016 kampuni ya White Ops ilifichua mtandao wa boti iliouita Methbot, uliokuwa "ukitazama" mamilioni ya matangazo ya video ambayo hakuna mtu aliyeyaona. Kinara wake alihukumiwa New York mwaka 2021 kifungo cha miaka 10. Walioibiwa pale ni watangazaji wakubwa wenye wataalamu wao. Mwenye ofisi ya vyumba viwili pale Moshi asidhani yeye atauziwa wageni wa kweli.

Kama ulishanunua, fungua Google Analytics utazame siku kifurushi kilipoanza. Mstari uliokuwa umelala unasimama wima kama ukuta. Angalia wametoka mji gani: mara nyingi utakuta Ashburn, mji wa Virginia, Marekani, uliojaa vituo vya data. Nimeona watu wakishangilia hapo, maana Wamarekani ndio wateja wanaowatamani. Endelea kusoma. Wamekaa muda gani? Sekunde moja, au sifuri. Wamefungua nini? Ukurasa wa mwanzo tu. Hakuna aliyefika kwenye bei za njia ya Machame, hakuna aliyegusa kitufe cha WhatsApp. Mtu anayepanga kupanda mlima wa mita 5,895, kwa gharama inayovuka dola elfu moja, haamui kwa sekunde moja. Anasoma habari za ugonjwa wa mwinuko, anafunga, anarudi kesho yake usiku, anamwonyesha mwenzake, ndipo anauliza.

Hapo hujibiwa: "Lakini Google ikiona nina wageni wengi itanipandisha juu." Imani hii ndiyo inayowalisha matapeli. Google imesema mara kadhaa kwamba takwimu za Google Analytics haizitumii kupanga matokeo ya utafutaji. Mwaka 2023, katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi yake, ilielezwa mahakamani kwamba inatumia mibofyo, ndiyo, lakini ni ile ya watu waliotafuta jambo na kuchagua jibu kwenye ukurasa wake wa matokeo. Wageni wa kifurushi hawapiti pale kabisa; wanamwagwa moja kwa moja kwenye tovuti yako. Na anayekuahidi namba moja kwa uhakika, mwambie Google yenyewe imeandika kuwa hakuna awezaye kuhakikisha hilo.

Hasara haiishii kwenye dola ulizolipa. Wajerumani wachache waliosoma kwa makini ukurasa wako wa njia ya Lemosho, ambao ungewaandalia maelezo kwa Kijerumani, sasa wamefunikwa na boti elfu kumi na huwaoni tena. Kama umeweka matangazo ya AdSense, wageni bandia wanatosha kukufungisha akaunti.

Ya kufanya yapo, na mengi ni bure. Jisajili kwenye Google Business Profile ili ofisi yako ionekane kwenye ramani, na kila mgeni anayeshuka na cheti chake mwombe aandike maoni kabla hajafika uwanja wa ndege wa KIA. Kila swali unaloulizwa WhatsApp litengenezee ukurasa: kwamba Marangu ndiyo njia pekee yenye vibanda vya kulala na kwingine ni mahema, siku ngapi zinatosha, wapagazi wanalipwaje. Bei iandike, usiifiche. Punguza uzito wa picha ili tovuti ifunguke haraka kwenye simu. Google nayo huisoma tovuti kama inavyoonekana kwenye simu. Tumia Search Console uone watu walitafuta maneno gani ukatokea. Hoteli unazofanya nazo kazi ziombe ziweke kiungo cha tovuti yako. Ukiwa na fungu la matangazo, lipia maneno ya mtu aliyekwisha kuamua, kama njia fulani na idadi ya siku; "safari Tanzania" waachie wenye mifuko mirefu.

Haya huchukua miezi kuzaa, hayana siku tatu. Lakini wageni wanaopanda Agosti wengi wao hutafuta kampuni wakati wa masika, mvua ikinyesha. Andika ukurasa wa kwanza wiki hii.